Maboksi Sitini Niliyoyafunga kwa Mkono Wangu

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimeshika simu ya duka, na sauti ya mwanamke upande wa pili ikisema baba yake ameanguka.

Kwa asiyekuwapo: mimi ni yule msichana aliyeacha shule darasa la nne, akadanganya kwamba amemaliza, akapata kazi kwenye duka la taa na vifaa vya umeme. Mwenye duka ni mama wa makamo, wote tunamwita Mama Duka. Yeye ananiita Kimya, kwa sababu sisemi.

Yupo pia Fundi. Anakaa kwenye stuli karibu na mlango, anashauri wateja na kwenda kuwafungia taa majumbani. Siku yangu ya kwanza aliona sijui kitu, akanifundisha bila kunicheka. Ndiye mtu pekee dukani nisiyemwogopa. Lishikeni hilo, maana ndiye niliyemponza.

Aliyepiga simu alikuwa Dada mmoja aliyekuja dukani siku chache nyuma. Nianzie hapo, msipotee.

Alikuja amejipanga, karatasi mkononi.

"Baba amefanyiwa upasuaji wa macho," alimwambia Fundi. "Mwanga mkali unamuumiza. Nataka taa za kuokoa umeme, lakini ziwe za kupunguza. Ukutani tuna zile swichi za kuzungusha."

"Dima," Fundi akasema.

"Hizo hizo. Nilinunua balbu kwingine, zikawa zinalia kama mbu."

"Uliuziwa za kawaida. Si kila balbu ya kuokoa umeme inakubali dima, Dada. Ya kawaida inajua mambo mawili, kuwaka na kuzimika. Ukiipunguza inababaika. Inalia, inapepesa, mwisho inakata kabisa. Wewe unataka iliyotengenezwa ipunguzike. Kitako cha balbu zako ni cha pini au cha skrubu?"

"Cha skrubu. Nimekuletea moja iliyokufa uione."

Akaitoa kwenye kitambaa. Fundi akaipokea kwa mikono miwili kama amepewa yai.

"Wateja wote wangekuwa kama wewe, mimi ningenenepa. Na kava la taa, limeifunika balbu yote au liko wazi?"

"Wazi kwa chini."

"Vizuri, itapumua. Ikifunikwa kabisa inachemka, haidumu. Rangi chukua ile ya manjano, inayotulia machoni. Nyeupe inachoma. Wati tisa zinatosha. Kimya, mdogo wangu, lete sita za kupunguzika."

Nikaleta. Boksi la balbu ya kupunguzika lina picha ya swichi ya dima. Boksi la kawaida lina picha hiyo hiyo, ila imekatwa mstari. Hilo Fundi alikuwa amenifundisha wiki hiyo hiyo.

Dukani kwetu balbu haitoki bila kuwashwa mbele ya mteja. Kaunta ina ubao wenye holda na swichi. Tukaziwasha zote sita, zikawaka. Fundi akasaini kila boksi kwamba imejaribiwa. Dada akaondoka amefurahi, na jioni yake Fundi akaenda kumfungia.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Ule ubao wa kaunta una swichi ya kuwasha na kuzima tu. Hauna dima. Pale balbu ya kawaida inawaka sawasawa na ya kupunguzika, hakuna wa kuzitofautisha.

Na wiki tatu kabla ya hapo, Mama Duka alileta katoni mbili. Thelathini za kupunguzika, thelathini za kawaida. Akaniambia nizijaribu zote sitini asije akauza mbovu. Nikazitoa zote kwenye maboksi, nikazitandaza juu ya kitambaa, nikaziwasha moja moja. Zote nzima. Nikajisifu moyoni.

Kisha nikatakiwa kuzirudisha.

Umbo moja. Skrubu moja. Wati tisa kwa tisa. Shingoni mwa kila balbu kulikuwa na kipicha kidogo, kingine kimekatwa mstari, kingine hakikukatwa. Nikadhani ni muhuri wa kiwandani. Fundi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anamenya waya. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: Kaka, zina tofauti?

Swali lilinifika kwenye meno, nikalimeza. Niliogopa ataniuliza shuleni nilisoma nini.

Nikazirudisha kila moja kwenye boksi lililokuwa karibu na mkono wangu. Na ili Mama Duka ajue sikuruka hata moja, nikaandika namba kwa kalamu, chini ya boksi na kwenye kitako cha balbu yake. Moja mpaka sitini. Namba hazijawahi kunisumbua. Herufi ndizo zinazonikimbia.

Haya, turudi kwenye simu.

"Amefanya nini mzee?" Fundi aliniuliza.

"Ameanguka. Taa ilizimika."

Hakuuliza la pili. Akabeba begi lake. "Twende."

Chumba cha mzee kilikuwa na mapazia mazito, yamefungwa mchana kwa ajili ya macho yake. Kutoka kitandani kwenda bafuni kuna ngazi tatu za kushuka. Kwenye ya mwisho ndala moja ilikuwa imebaki, imegeuka kichwa chini.

"Amevunjika nyonga," Dada alisema. Hakulia. Sauti ilikuwa kavu. "Tangu mlipofunga alikuwa akisema zinapepesa, nikadhani ni macho yake mapya. Leo mwanga ulimuumiza, akapunguza taa ili ashuke. Tazameni."

Akazungusha dima. Taa ikapungua, ikaanza kutetemeka. Ikalia zii. Halafu giza, ghafla, kama mtu ametufunika gunia.

"Na hapo ndipo alipokuwa," Dada akasema gizani. "Ngazi ya kwanza."

Fundi akapanda juu ya stuli, akaifungua balbu. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akasoma shingo. Akaomba maboksi. Dada alikuwa ameyatunza yote. Fundi akatazama boksi, akatazama shingo, akarudia boksi.

"Boksi linasema hili. Balbu inasema lile."

"Maana yake umetuuzia bandia?"

"Sijui bado, Dada."

Mimi nilijua. Picha zote mbili nilikuwa nazifahamu sasa, na nikakiona kitambaa changu kimetandazwa kwenye kaunta na balbu sitini juu yake.

Njiani Fundi aliniuliza taratibu, "Mdogo wangu, zile katoni zilifunguliwa na nani?"

"Sijui, Kaka."

Maneno mawili. Yalitoka laini, kama nimeyafanyia mazoezi.

Tulipofika dukani, Dada alikuwa ameshampigia Mama Duka. Mama Duka alikuwa amesimama katikati ya duka, mikono kiunoni.

"Fundi, balbu zangu za kupunguzika umezipeleka wapi?"

"Mama, hata mimi nashangaa."

"Umezitoa nzuri, ukatia za kawaida ndani ya maboksi ya nzuri. Kila jioni unatoka hapa na begi. Mimi nikisema huyu ni mtu mzima, kumbe nafuga mchwa."

"Miaka tisa, Mama. Ulishawahi kupoteza hata kipande cha waya?"

"Ndio sasa nimejua kwa nini sikuwahi kukukamata nacho mkononi. Huyo Dada anakuja saa kumi na askari. Ukae hapo hapo usitoke."

Fundi akakaa kwenye stuli yake. Akafungua chombo cha chakula chake cha mchana, akakigawa nusu kwa nusu kama siku zote, akanisogezea upande wangu. Kisha akafunika wake bila kuugusa.

Nikashindwa. Nikaingia ofisini kwa Mama Duka, nikasimama mlangoni mpaka akachoka kuniona.

"Sema au toka."

Nikasema. Kitambaa, balbu sitini, vipicha vya shingoni, yote. Lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kusema ndani ya duka lile.

Alinisikiliza bila kupepesa. Akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, Mama."

"Basi asijue mwingine." Akakaa. "Likiwa kosa la duka, duka linafungwa. Mimi na wewe na yeye, wote tunakwenda kulala nyumbani. Likiwa la Fundi, anakwenda Fundi peke yake."

"Lakini si yeye, Mama."

"Unadhani sijui kwamba hukumaliza shule? Nilijua siku ya kwanza, ulipoishika fomu yangu kichwa chini. Nikakuchukua hivyo hivyo. Unajua kwa nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilitaka mtu wa kunyamaza. Sasa fanya kazi yako."

Akanipa mfuko wa matunda. Akasema nimpelekee mgonjwa hospitalini, nimpe pole kwa niaba ya duka, nisiongeze wala nisipunguze.

Mzee alikuwa amelala chali, macho yamefunikwa kwa miwani nyeusi, mguu umefungwa ubao. Alisikia viatu vyangu kabla sijafika kitandani.

"Nani huyo anayetembea kama anaomba radhi?"

"Shikamoo, Baba. Natoka duka la taa."

"Marahaba. Kaa. Wewe ndiye uliyekuja na Fundi? Binti yangu anasema kulikuwa na msichana asiyesema."

"Ndiye mimi."

"Nimefundisha miaka thelathini na moja," akasema. "Kesho wanafungua nyonga hii, na daktari hakunificha. Kwa umri wangu, huenda nisisimame tena. Sasa niambie kitu kimoja tu. Yule Fundi ni mwizi?"

Nikanyamaza.

"Darasani kikivunjwa kitu, sikuwa nauliza nani kavunja. Nilikuwa nasikiliza. Wote wanapiga kelele si mimi, si mimi. Mmoja hana sauti." Akageuza uso upande wangu, na ile miwani nyeusi ikanitazama. "Una darasa la ngapi, mwanangu?"

"La nne."

Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu tangu nitoke kwetu. Nilitegemea acheke.

"Darasa la nne mtu anajua kusema ndiyo na anajua kusema hapana," mzee akasema. "Hayo mawili yanatosha kwa leo."

Nilitembea kurudi dukani nikijisemea: ndiyo ni mimi, hapana si yeye. Ndiyo, hapana. Watu wa njiani waliniangalia midomo ikicheza.

Mama Duka alinipokea kwa uso mwingine kabisa. Alikuwa anajipangusa mikono kwa kitambaa.

"Umefika, mwanangu. Umechoka." Hajawahi kuniita mwanangu. Akanipa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba. "Hiki cha kwako. Kwa kuwa unanisikiliza. Usikifungue hapa dukani, utanitia aibu. Kifungue nyumbani."

Sikujua kukataa. Sijawahi kujua. Nikakitia ndani ya mkoba wangu, unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikajiambia nikishasema yangu nitamrudishia.

Saa kumi kamili, Dada akaingia na askari mmoja mnene mwenye daftari. Mkononi Dada alikuwa na mfuko wenye balbu zake sita na maboksi yake.

Mama Duka alieleza vizuri. Anajua kueleza. Begi la kila jioni, miaka ya kuaminiana, uchungu wake kama mama. Hata mimi niliyejua ukweli nilianza kumhurumia.

"Wewe unasemaje?" askari akamuuliza Fundi.

"Niliyefunga ni mimi. Nilitakiwa kusoma shingo ya balbu na kuzungusha dima, nikasoma boksi tu nikawasha. Hilo nalikubali, na mzee nitamwomba radhi mpaka nizeeke. Kuiba sijaiba."

"Kama hujaiba zimebadilikaje? Zina miguu?"

Askari akafunga daftari. "Inuka."

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimesemea kifuani.

"Ni mimi," nikarudia, na safari hii sauti ikatoka nene, nikashtuka kama imesemwa na mtu aliye nyuma yangu. "Nilizitoa zote nikazirudisha ovyo. Sikujua kuzitofautisha. Sikumaliza shule. Fundi hakugusa hata moja."

Mama Duka akacheka kidogo, kicheko cha huruma. "Mnamsikia? Anampenda. Mwaka mzima hajasema, leo kaona anachukuliwa, kasema. Mwacheni mtoto wa watu."

Uso wangu ukawaka moto. Lakini Dada hakucheka.

"Zilizobaki ziko wapi?" akauliza.

"Kabatini. Zote zimechanganyika. Fungueni mwone."

Dada akafungua boksi la kwanza. Boksi lina picha safi, shingo ina picha safi. La pili, boksi limekatwa mstari, shingo imekatwa mstari. La tatu sawa. La nne sawa. Akafika la kumi.

Zote zilikuwa sawa. Kila balbu kwenye boksi lake, kama zimetoka kiwandani jana.

"Mnaona wenyewe," Mama Duka akasema polepole.

Dada alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichomkwaza njiani. Fundi naye aliniangalia, na machoni mwake niliona wazo moja tu: kwamba nimedanganya kumwokoa, na nimedanganya vibaya.

Nilitaka kutoka nje nikimbie hadi nisahaulike. Nikaliokota boksi la kumi nilirudishe, kwa mazoea tu ya kazi. Nikaona chini yake.

Kumi na tisa, kwa kalamu yangu. Nikageuza balbu. Arobaini na nne.

"Dada, nipe zako," nikasema.

Akanipa. Nikageuza la kwanza. Boksi saba, balbu saba. Boksi kumi na mbili, balbu kumi na mbili.

"Niliandika mimi," nikamwambia askari, na maneno sasa yalikuwa yanakuja yenyewe. "Namba ya boksi na ya balbu ni moja. Hizi za Dada namba zinalingana, picha hazilingani. Hivi ndivyo nilivyozifunga, na hazijaguswa. Za kabatini picha zinalingana, namba hazilingani. Kuna mtu amezipanga upya, baada yangu."

Askari akageuza boksi moja. Akageuza la pili. Akaanza kufungua mwenyewe, anasoma namba kwa sauti: ishirini na moja, tatu. Hamsini, thelathini na nane. Fundi aliinuka kutoka kwenye stuli yake. Dada akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nani amefungua kabati hili leo?" askari akauliza.

Mama Duka akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa kaunta.

Fundi aliweka mkono begani kwangu. "Mdogo wangu," akasema, basi. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani hata mzee kitandani amesikia.

Kisha Mama Duka akajipangusa mikono kwa kile kitambaa chake.

"Zilikuwa sitini," akasema. "Sita ameuziwa Dada. Hesabuni zilizobaki."

Askari akahesabu. Akarudia. "Arobaini na nane."

"Zingekuwa hamsini na nne. Sita hazipo, na ni zile nzuri, za kupunguzika. Aliyezipanga upya ndiye aliyezitoa." Akachukua mkoba wake, akaumwaga wote juu ya kaunta, funguo, miwani, leso. "Mimi sijifichi. Kagueni mikoba ya wote tumalize."

Fundi akamwaga begi lake. Koleo, tepu, vipande vya waya.

Ukabaki mkoba mmoja, kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nilikumbuka kile kifurushi. Nilikumbuka wepesi wake, na jinsi kilivyotoa mlio mdogo nilipokitia ndani, mlio wa vitu vya duara vinavyogusana.

Nilifungua mdomo. Yale maneno yaliyokuwa yanakuja yenyewe hayakuja.

"Kaa, usisumbuke, umefanya kazi kubwa leo," Fundi akaniambia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu asubuhi. Akaenda mwenyewe nyuma ya mlango, akautungua mkoba wangu, akauleta mbele ya askari.